Sita na Tisa: Tahakiki ya Dai la Istilahi za Pamoja za Kijeshi katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Tangu Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) ilipokifanya Kiswahili lugha yake rasmi ya nne mwezi Agosti 2019, na hasa tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, limekuwapo dai moja linalorudiwa mara kwa mara miongoni mwa wapenzi wa lugha yetu. Dai lenyewe ni kwamba majeshi ya kanda hii yanayo tayari lugha moja ya kuamrishana na kuelewana, nayo ni Kiswahili. Kilichobaki ni kuzikusanya istilahi, kuzisanifu na kuzichapa.

Makala haya yanakusudia kulihakiki dai hilo. Hatulihakiki kwa kukidharau Kiswahili. Anayeandika ni mwalimu msaidizi wa isimu, mkazi wa Kolwezi, na Kiswahili ndiyo lugha aliyolelewa nayo. Tunalihakiki kwa sababu linachukulia kwamba watu wanaotumia neno moja wana maana moja. Kosa la namna hiyo darasani hulipiwa kwa alama mbili tatu. Vitani hulipiwa kwa roho za watu.

Hoja yetu ni hii: ishara ya kijeshi haiwi ya pamoja kwa kuwa tu imo katika lugha ya pamoja. Huwa ya pamoja pale inapokuwa imejaribiwa katika masikio ya wale watakaoitumia, pamoja na wale ambao si askari lakini watalazimika kuitii.

2.0 Amri ya gwaride na sarufi yake

Yafaa tuanze mahali ambapo dai hilo lina nguvu kubwa zaidi. Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lililoundwa Septemba 1964 baada ya maasi ya Januari mwaka huo, ni mfano bora wa jeshi linaloendesha shughuli zake kwa Kiswahili. Amri zake za gwaride zimeenea hata mashuleni: "Mguu sawa!", "Mguu pande!", "Nyuma geuka!", "Mbele tembea!"

Tuzitazame amri hizi kwa jicho la mwanaisimu. Katika usemi wa kawaida, Mswahili husema "Geuka nyuma", yaani kitenzi kwanza, kielezi baadaye. Gwarideni mpangilio huo umepinduliwa. Sababu yake haimo katika sarufi ya Kiswahili bali katika kazi yenyewe. Amri ya gwaride ina sehemu mbili: sehemu ya kutahadharisha na sehemu ya kutekeleza. "Nyuma" humwarifu askari jambo litakalofuata; "geuka" humwambia kwamba wakati umefika. Neno la kutekeleza likitangulia, kila mmoja atageuka kwa wakati wake. Mpangilio huu ndio wa amri za Kiingereza, na yamkini uliingia kupitia jeshi la kikoloni la King's African Rifles, lililoanzishwa mwaka 1902.

"Mguu pande" ni mfano wa mbali zaidi, kwani hauna kitenzi hata kimoja. Kijana wa Kolwezi aliyezungumza Kiswahili tangu utotoni, akiambiwa "Mguu pande!" kwa mara ya kwanza, hataijua la kufanya na miguu yake. Hakupungukiwa na Kiswahili. Amepungukiwa na mazoezi ya uwanjani. Amri, basi, ni mapatano yaliyofundishwa kwa mwili, na lugha ni chombo tu kilichobeba mapatano hayo.

Neno "afande" latoa ushahidi kama huo. Asili yake ni Kituruki, "efendi", nalo lililetwa pwani na askari wa Kisudani walioajiriwa Misri, wakiwamo wale walioletwa na Mjerumani Wissmann mwaka 1889. Pamoja nalo vilikuja vyeo kama ombasha na shaushi, ambavyo vimesahauliwa na wengi. Afande likabaki. Leo nchini Tanzania, Kenya na Uganda ni neno la heshima ya kila siku. Huku kwetu lilienea pamoja na jeshi la AFDL katika vita vya 1996 na 1997, kwa hiyo lilifika mikononi mwa watu wenye bunduki waliokuwa wageni kwa wenyeji. Heshima iliyomo ndani ya neno hilo huko Dodoma haikusafiri pamoja nalo hadi Katanga.

3.0 Jeshi lenye lugha nyingine

Mwenye kudai kwamba Kiswahili ni lugha ya jeshi hana budi kukumbuka kwamba katika Kongo jeshi lilichukua njia nyingine. Force Publique ya wakoloni, ingawa ilivuka nchi za Waswahili na kuiteka Tabora mwezi Septemba 1916, hatimaye ilikifanya Kilingala kuwa lugha yake. Majeshi yaliyoirithi yaliendelea hivyo, na chini ya utawala wa Mobutu Kilingala kilikuwa sauti ya kambi kuliko lugha yoyote nyingine ya Kiafrika. Kwa mtu wa Katanga, Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani, ya sokoni na ya mgodini, na mwanajeshi alikuwa mtu asemaye Kilingala.

Ajabu ni kwamba Kilingala hicho hicho kimebeba mali ya Kiswahili. Risasi ndani yake ni "masasi", na bunduki ni "mondoki". Maneno haya yamepita mikononi mwa Waarabu na Waswahili kabla ya kufika kwenye mto Kongo. Mpenzi wa etimolojia angeweza kufurahi kwamba pande mbili zina istilahi za pamoja. Lakini mama anayesikia Kilingala nje ya mlango wake usiku haulizi asili ya maneno. Anauliza kama afungue au akimbie.

Ili tusidhani kwamba hii ni kasoro ya Kilingala peke yake, na tuitazame Uganda. Huko ni Kiswahili kilichokuwa lugha ya kambi. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na wengi, hasa Buganda, walikisikia midomoni mwa askari waliowatesa. Chuki waliyobaki nayo ilidumu miaka mingi. Kwa Waganda wengi, Kiswahili kilikuwa kile ambacho Kilingala kilikuwa kwa watu wa Katanga. Lugha iliyozoeleka kama sauti ya kizuizi cha barabarani haiwi lugha ya kuelewana kwa azimio la mkutano.

4.0 Kolwezi, 1978: wanyama wawili

Mji wetu una historia yake katika jambo hili. Sisi tuliozaliwa baada ya vita vya Shaba tulivipata midomoni mwa wazee, ambao huvihesabu kwa siku: vita vya siku themanini, vya mwaka 1977, na vita vya siku sita, vya mwaka 1978. Tarehe 13 Mei 1978 wapiganaji wa FNLC waliingia Kolwezi. Tarehe 19 Mei askari wa miamvuli wa Kifaransa, wa kikosi cha 2e REP, waliruka juu ya mji. Siku iliyofuata walifika Wabelgiji. Mamia ya raia, Waafrika na Wazungu, walikufa.

Mwanafunzi wa ishara ana mengi ya kutazama hapa. Wapiganaji wale walikuwa na majina matatu. Wenyewe walijiita chama cha ukombozi wa taifa la Kongo. Wengine waliwaita Wakatanga, jina lililorudisha kumbukumbu ya kujitenga kwa jimbo mwaka 1960, ingawa chama chao hakikudai kujitenga. Tena waliitwa Tigres, yaani simbamarara, mnyama ambaye hayupo katika misitu ya Afrika na ambaye jina lake lilifika kwetu kwa Kifaransa. Upande wa pili ilisimama dola iliyokuwa na kichwa cha chui katika nembo yake, na rais aliyevaa kofia ya ngozi ya chui. Nayo operesheni ya Wafaransa, inayojulikana kwa jina la Bonite, hujulikana pia kwa jina la Léopard, yaani chui huyo huyo.

Kila jina kati ya haya lilikuwa hukumu kabla halijawa taarifa. Aliyesema "mkombozi" na aliyesema "Mkatanga" walimtazama mtu mmoja. Raia aliyeulizwa "Umewaona nani?" alilazimika kuchagua neno, na kwa kuchagua neno akawa amechagua upande.

Kuna funzo la pili. Wafaransa na Wabelgiji walikuwa na lugha ya pamoja, vyeo vinavyofanana na mafunzo yanayokaribiana. Hata hivyo hawakuwa na shabaha moja: Wabelgiji walikuja kwanza kuwaondoa raia wao, na Wafaransa walikuja kupigana na kuushika mji. Neno "kuokoa" lilikuwa moja kwao, na kazi zilikuwa mbili. Ikiwa Kifaransa cha Paris na cha Brussels hakikuweza kuliziba pengo hilo, hatuna sababu ya kuamini kwamba Kiswahili kitaliziba chenyewe baina ya Nairobi, Kampala, Bujumbura na Kinshasa.

5.0 Majina yanayohama

Mashariki mwa Kongo pameonyesha jinsi neno la kawaida la Kiswahili linavyoweza kuondoka katika kamusi na kuvaa sare. Waasi wa 1964 walijiita Simba, nao walikuwa na wito wa "Mai Mulele", wakiamini kwamba maji ya dawa yatawakinga na risasi. Msomaji wa Tanzania atakumbuka mara moja Maji Maji ya 1905 hadi 1907. Baadaye neno hilo la maji likawa jina la makundi ya Mai-Mai. Katika vita vya 1996 na 1997 watoto waliobebeshwa silaha waliitwa "kadogo". Neno hili lina ngeli ya ka-, ambayo Kiswahili sanifu kimeiacha kwa kiasi kikubwa lakini Kiswahili cha Katanga kimeihifadhi. Kwetu "kadogo" ni kitu kidogo, aghalabu kwa upendo: kajiko, kamtoto, kadogo ketu. Neno la kubembeleza likawa jina la mtoto aliyepewa bunduki.

Mfano wa karibuni zaidi ni "Wazalendo". Dodoma au Nairobi, mzalendo ni mtu aipendaye nchi yake, na neno hilo lafaa hotuba ya sikukuu. Katika Kivu, hasa tangu mwaka 2023, Wazalendo ni vikundi vya wenyeji wenye silaha wanaopigana na M23. Tufikiri juu ya askari wa Kikosi cha Kanda cha Afrika Mashariki, kilichokuwako huko tangu Novemba 2022 hadi Desemba 2023, au wa kikosi cha SADC kilichofuata, kilichokuwa na Watanzania ndani yake. Mwanakijiji anamwambia: "Wazalendo wako mlimani." Kila neno katika sentensi hii ni Kiswahili sanifu, na kamusi haimsaidii hata kidogo.

Hapa ndipo orodha za istilahi tunazozizoea zinapopwaya. Orodha hutoa neno na maana yake, kana kwamba maana imetulia. Istilahi ya vita haitulii. Hapana budi kila kidahizo kieleze ni wapi neno limetumika, na kwa akina nani, na tangu lini.

6.0 Sikio na redio

Tumekuja sasa kwenye sehemu ambayo watetezi wa dai hilo huigusa kwa nadra, nayo ni matamshi. Amri nyingi za leo hazitolewi ana kwa ana. Hupita katika redio yenye mikwaruzo, kwa mtu aliyechoka, usiku.

Ulimwengu una mfano mmoja wa ishara za pamoja uliofanikiwa sana: alfabeti ya redio iliyokubaliwa mwaka 1956, ambayo A ni Alfa, B ni Bravo, na kuendelea. Waliitunga kwa kuyajaribu maneno katika masikio ya wasemaji wa lugha mbalimbali. Ndiyo maana Alfa imeandikwa kwa f, ili mtu asiyezoea "ph" ya Kiingereza asikosee. Na Juliett ina t mbili, ili Mfaransa asiimeze t ya mwisho. Tarakimu ya tisa kwa Kiingereza hutamkwa "niner", ili isichanganyike na "five". Msemaji wa Katanga ambaye r na l kwake hubadilishana atasema "Lomeo" badala ya Romeo. Bado hataeleweka kwamba amesema Lima. Maneno yalichaguliwa yawe mbalimbali kiasi kwamba hata yakiharibika yasifanane.

Kiswahili nacho kina tatizo la aina hiyo hiyo, na hatujaona orodha ya istilahi inayolishughulikia. Tazama "sita" na "tisa". Sauti ni zile zile nne. Irabu ni zile zile na kwa utaratibu ule ule. Mkazo uko mahali pamoja. Tofauti ni kwamba s na t zimebadilishana nafasi. Katika redio mbaya, nani ataapa kwamba amesikia kilima namba sita wala si tisa?

Mtu wa pwani atajibu kwamba dawa ipo, tena imo ndani ya lugha yenyewe: neno la kale "kenda", lenye maana ya tisa, ambalo halifanani na sita hata kidogo. Ni jibu zuri, nasi tulilipenda tulipoliwaza mara ya kwanza. Kisha tukakumbuka askari wa Kongo, aliyezoezwa kwa Kilingala. Katika Kilingala, "Kende!" ni amri: nenda! Mtu akimtajia tarakimu kwa neno "kenda", askari huyo anaweza kuanza safari. Dawa iliyopatikana Mombasa ikawa sumu Kolwezi. Hakuna kosa katika neno lenyewe. Kosa ni kulichagua bila ya kuuliza litasikika vipi upande wa pili wa redio.

Saa nazo zina mtego. Watu wengi wa miji yetu hutaja saa kwa Kifaransa. "Six heures" ya asubuhi ni saa kumi na mbili kwa Mtanzania. Mkalimani mwenye haraka akiifasiri neno kwa neno, atasema "saa sita", na Mtanzania atangoja hadi adhuhuri. Kusimamisha mapigano kwa tofauti ya saa sita si kusimamisha mapigano. Maofisa hulikwepa jambo hili kwa saa ishirini na nne za kimataifa, lakini mwanakijiji aliyeambiwa ahame kabla ya saa fulani hana saa hizo.

Tuongeze kitenzi "piga". Peke yake hakielezi tendo mpaka nomino yake ifike: piga simu, piga magoti, piga risasi. Mkwaruzo ukiimeza nomino, kinachobaki ni kitenzi ambacho askari mwenye hofu atakijaza mwenyewe.

7.0 Asiye askari

Mpaka hapa tumesema juu ya askari na askari. Lakini wanaoitii amri ya kijeshi si wao tu. "Simama!" ina maana mbili katika Kiswahili: aliyekaa ainuke, na anayekwenda atulie. Kilingala kina neno lenye maana hizo mbili pia, "Telema!" Mwandishi wa makala haya aliwahi kusafiri usiku katika gari la mizigo lililojaa watu. Penye kizuizi sauti ikatoka gizani: "Telema!" Dereva akafunga breki, kwa kuwa aliambiwa atulie. Bibi kizee mmoja, aliyekuwa ameketi juu ya magunia, akainuka akasimama wima na mzigo wake mkononi, kwa kuwa naye aliambiwa ainuke. Taa ikammulika, na kwa kitambo gari zima likanyamaza. Bahati njema kilichofuata ni kicheko. Wote wawili, dereva na bibi, walikuwa wametii, na kila mmoja alikuwa sahihi.

Bibi huyo hayumo katika orodha yoyote ya istilahi za pamoja. Hakualikwa katika warsha yoyote. Hata hivyo ndiye mtu ambaye neno la kijeshi likikosewa litamwangukia kwanza.

8.0 Hitimisho

Hatusemi kwamba Kiswahili hakifai kuwa lugha ya majeshi ya kanda. Hakuna lugha nyingine ya Kiafrika iliyo na nafasi kubwa zaidi katika eneo hili. Tunasema tu kwamba kufaa huko ni kazi ambayo bado haijafanywa, na kwamba kuitangaza kuwa imekwisha ni njia ya kuhakikisha haifanywi.

Kazi hiyo ina hatua tatu ambazo idara zetu zaweza kuzianza bila kungoja amri ya mtu. Kwanza, maneno ya redio, hasa tarakimu, yajaribiwe kwa wasemaji wa Lubumbashi, Goma, Tabora, Mombasa na Kampala, pamoja na wale waliozoea Kilingala, katika kelele zinazofanana na zile za kweli. Pili, kamusi ya kijeshi itaje kwa kila neno mahali na historia yake, ili afande, kadogo na Wazalendo wasionekane kuwa na maana moja tu. Tatu, na hili ndilo la kwanza kwa uzito, yachaguliwe maneno machache ambayo raia huambiwa na askari: tulia ulipo, inuka, keti, rudi ulikotoka, pita. Kila moja liwe na maana moja tu, nayo yatangazwe redioni na kufundishwa mashuleni kabla ya kufundishwa kambini.

Msanifu wa istilahi hupenda kuanza na jenerali na kushuka chini. Sisi wa Kolwezi tungependa aanze na yule bibi juu ya magunia, apande hadi kwa jenerali.